Bisibisi Iwe ya Mwisho: Kuweka Sawa Mkazo wa Uzi

Wiki ya kwanza ya Januari, barazani kwa mafundi wa Mfaranyaki, hapa Songea, hapapitiki. Kaptura za bluu zimerundikana, mashati meupe yanasubiri vifungo, na mzazi aliyeahidiwa sare "kesho" amekuja leo, amekaa kwenye benchi na mwanawe, haondoki. Hapo ndipo cherehani inapochagua kununa. Juu mshono unapendeza, chini nyuzi zimefungana mafundo. Fundi anakaza nati, mambo yanazidi. Analegeza, uzi unakatika. Anachukua bisibisi, anaanza kuzungusha skurubu za kikasha cha bobini, na kuanzia hapo hakuna anayejua tena tatizo lilianzia wapi.

Iache bisibisi kwanza. Cherehani iliyoshona vizuri jana haikuharibika mkazo ikiwa imelala. Kuna kitu kimebadilika: uzi, sindano, kitambaa au vumbi. Ukikitafuta hicho kwanza, mara nyingi hutahitaji kugusa skurubu yoyote.

Ninayoizungumzia hapa ni cherehani ya kawaida ya kukanyaga, ile nyeusi ya Butterfly au Singer, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye baraza zetu. Nyingi kati ya hizo zimefuata muundo mmoja, ule wa Singer namba 15, uliotoka karne ya 19 na baadaye kuigwa na viwanda vya Japani, India na China. Faida yake utaiona siku ya kununua vipuri: bobini na kikasha cha aina ya 15 huingia kwenye cherehani zenye majina tofauti kabisa. Cherehani za kiwandani zinafuata kanuni ileile ya mkazo, lakini sindano na bobini zake ni nyingine, usizichanganye.

Ujue kwanza kinachotokea. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vya chuma vilivyobanwa na springi, na nati yenye namba iliyo mbele yake ndiyo inayoongeza au kupunguza ubanaji. Uzi wa chini hubanwa na bati jembamba lililo ubavuni mwa kikasha cha bobini. Sindano ikishuka hadi mwisho kisha ikaanza kupanda, uzi wa juu huacha kitanzi kidogo nyuma yake. Ndoano hukidaka kitanzi hicho, hukizungusha kuizunguka bobini, halafu kile kijiti kinachopanda na kushuka mbele ya cherehani hukivuta kirudi juu. Nyuzi mbili zimeshikana, na fundo hubaki pale nguvu zao zinapokutana. Ni mchezo wa kuvuta kamba: upande wenye nguvu hulivutia fundo kwake. Unachotaka wewe ni lijifiche katikati, ndani ya unene wa vitambaa viwili, lisionekane juu wala chini.

Anza na kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Tunga uzi wa juu kama kawaida hadi kwenye sindano. Inua mguu wa kubania kitambaa, kisha vuta uzi kwa mkono. Unatakiwa utiririke bila shida, kwa sababu mguu ukiwa juu visahani vimeachana. Sasa shusha mguu, vuta tena. Uzi ukatae, na sindano ipinde kidogo ukiendelea kuvuta. Ukiona hakuna tofauti kati ya mguu juu na mguu chini, umeshajua tatizo liko wapi: uzi haujakaa kati ya visahani, au uchafu umevizuia visifunge, au kile kipini kinachovitenganisha kimekwama. Hapo hata ukizungusha nati hadi namba ya mwisho hutapata kitu.

Kutokana na kipimo hicho unapata sheria mbili. Uzi hutungwa mguu ukiwa juu. Mkazo hupimwa na kurekebishwa mguu ukiwa chini. Ukitunga mguu ukiwa chini, visahani vimefumba, na uzi unapita juu ya kingo zake badala ya kuzama katikati. Utashona bila kugundua chochote, kisha ukigeuza kitambaa utakuta vitanzi vimejaa upande wa chini. Na kwa kuwa viko chini utailaumu bobini. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, na si wanafunzi peke yao: fujo ya chini huletwa na uzi wa juu. Uzi wa juu usiposhikwa na kitu, ndoano huuvuta mwingi kuliko unaohitajika, na wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa chini ya kitambaa. Ukiruka kile kijiti kinachopanda na kushuka, matokeo ni hayohayo, tena mabaya zaidi, maana hakuna wa kukirudisha kitanzi.

Kwa hiyo cherehani ikifunga nyuzi chini, toa uzi wote, inua mguu, utunge upya. Usirekebishe kwa kutazama tu. Toa wote. Ukifika kwenye visahani, shika uzi kwa mikono miwili uuvute uingie hadi ndani, na uhakikishe umepita kwenye ile springi nyembamba ya waya iliyo pembeni yake. Kazi ya springi hiyo ni kuuzuia uzi usilegee wakati sindano inashuka. Ikaze uzi hadi ncha ya sindano inapofika kwenye kitambaa, kisha iachie. Ikivunjika au ikipinda, uzi utajikunja mbele ya sindano na kukatika ovyo.

Halafu sindano. Ibadilishe kabla hujabadilisha kitu kingine, kwa sababu ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote. Sindano butu, au iliyogonga zipu ikapinda kidogo usikokuona, huruka mishono na kuchana uzi, na fundi hudhani ni mkazo. Ukiichomeka, isukume hadi juu kabisa ndipo ukaze. Upande bapa wa kichwa chake uelekee kwenye ndoano, na ule mfereji mrefu uelekee upande uzi unakotokea. Uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji, siku zote. Ukiugeuza, kitanzi hakitokei mahali pake na ndoano itakikosa.

Ukubwa wa sindano ulingane na uzi na kitambaa. Namba 14, inayoandikwa pia 90, inafaa kitenge na vitambaa vingi vya sare. Khanga na pamba nyepesi hukubali 11 au 14. Chifoni na satini nyembamba zipe 9 au 11. Jinzi 16, na ukifika kwenye mapindo mazito 18. Uzi mnene ukipita kwenye tundu dogo unakwaruzwa na kuzuiwa, na kizuizi hicho huonekana kwenye mshono kana kwamba umekaza nati.

Bobini nayo ina visa vyake. Uzi ujazwe kwa usawa na kwa mwendo mmoja. Ukijazwa umelegea hapa na umekaza pale, mkazo wa chini utakuwa unapanda na kushuka njia nzima na hakuna skurubu itakayoutuliza. Usijaze hadi ukafurika ukingo. Usijaze juu ya mabaki ya rangi nyingine, tabia niliyoiona kwenye meza nyingi kwa ajili ya kubana matumizi. Mabaki yale hujisokota ndani na uzi unatoka kwa kushtukashtuka. Bobini yenye kutu, au ya plastiki iliyopasuka ukingo, itupe. Na bobini uliyoazima kwa jirani ilinganishe kwanza na yako, maana tofauti ya upana usiyoiona kwa jicho inatosha kuifanya isizunguke. Ukiiweka kwenye kikasha, uzi upite kwenye ule mwanya, uingie chini ya bati hadi utokeze kwenye tundu lake. Wengi huishia kwenye mwanya. Hapo uzi wa chini haujabanwa na kitu, na fundo linavutwa lote juu.

Sasa vumbi. Songea kiangazi kinaanza Mei na kwenda hadi Oktoba au Novemba, na anayeshonea barazani kando ya barabara ya vumbi anajua kinachomfikia mezani kwake. Vumbi likikutana na mafuta ya cherehani na manyoya ya uzi hutengeneza utando mgumu, na mahali linapopenda kukaa ni palepale panapobana uzi: kati ya visahani na chini ya bati la kikasha. Chembe moja tu ikikaa chini ya bati, bati halilali, na uzi unapita bure.

Kusafisha ni kazi ya dakika chache. Inua mguu, chukua utepe mwembamba wa kitambaa cha pamba, upitishe kati ya visahani na kuusugua mbele na nyuma hadi utoke safi. Kwa kikasha, tumia kona ya karatasi ngumu, uiteleze chini ya bati kufuata njia ya uzi. Pini na wembe usivitumie, vitaacha mikwaruzo na uzi utakuwa unanasa hapo maisha yake yote. Toa ndoano, futa manyoya yaliyojazana nyuma yake, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye njia yake, kisha shona kwenye kipande kibovu hadi mafuta yaishe kutoka. Mafuta ya kupikia, ambayo watu huyakimbilia ya cherehani yakiisha, huganda na kuwa gundi. Visahani vyenyewe havitiwi mafuta.

Umesafisha, umetunga upya, sindano ni mpya, na mshono bado haujakaa. Hapo ndipo unapofika kwenye nati.

Kata vipande viwili vya kitambaa kilekile utakachoshona, upate unene uleule. Nguo ya mteja si mahali pa kujaribia. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, wa aina moja na unene mmoja. Rangi zikitofautiana utasoma mshono bila kukisia. Shona mstari wa shibiri moja kwa mwendo wako wa kawaida, kisha tazama pande zote mbili penye mwanga.

Ukiona vidoa vyeupe vinachungulia upande wa juu, uzi wa juu umekaza mno na unaunyanyua wa chini. Geuza nati kushoto, nusu namba, ushone tena. Vidoa vyekundu vikichungulia chini, wa juu umelegea, geuza kulia. Usiruke namba tatu kwa mpigo. Na baada ya kila badiliko shona mstari mpya pembeni ya ule wa zamani, ili uone safari yote kwenye kitambaa kimoja. Hali ikiwa mbaya sana, mwekundu umelala chini wote mrefu na unaweza kuuchomoa kama ulivyo, rudi kwenye kutunga uzi, kwa sababu nati peke yake haifanyi uharibifu mkubwa hivyo.

Jicho linaweza kudanganywa, hasa uzi ukiwa na rangi ya kitambaa. Kuna kipimo cha pili ambacho mimi hukiamini zaidi. Shona vipande vyako vya majaribio kwa mshazari, si kufuata uzi wa kitambaa. Shika ncha zote mbili za mshono, vuta ghafla kwa nguvu. Uzi uliokatika ndio uliokaza zaidi. Wa juu ukikatika peke yake, ulegeze. Wa chini ukikatika peke yake, kaza wa juu kidogo. Zikikatika zote mbili kwa pamoja, au zisikatike kabisa, umefika.

Kipimo hiki ndicho kinachostahili sare za shule, kwa sababu sare huvutwa hivyohivyo. Tazama kaptura ya mtoto wa darasa la tatu iliyorudishwa kwa fundi: imeachia sehemu ya nyuma, pale miguu inapokutana, mahali panapokatwa kwa mshazari. Kitambaa kizima hakina hata tundu. Ukichunguza mshono uliobaki utakuta uzi mmoja umenyooka umelala juu ya kitambaa na mwingine unauzungukazunguka. Uzi ulionyooka hauna ziada ya kujinyoosha. Mtoto akichuchumaa, unakatika, na baada ya hapo mshono mzima unafunguka hadi mkanda. Dukani kaptura ile ilionekana nzuri. Kwa mishono ya namna hiyo legeza kidogo nyuzi zote mbili, punguza urefu wa mshono kidogo, na ushone mara mbili.

Namba za kwenye nati si sheria. Nne ya cherehani yako inaweza kuwa sita ya jirani, kutegemea springi zilivyochoka. Andika zako: kitenge namba fulani, sare namba fulani, satini namba fulani, kwa chaki au kalamu ubavuni mwa meza. Mwanafunzi wako atakushukuru, na wewe mwenyewe hutaanza upya kila kazi inapobadilika.

Skurubu ya kikasha tumeifikia mwisho, na nafasi yake ndiyo hiyo. Iguse pale tu umejaribu nati kuanzia chini hadi juu na hakuna namba inayokaa sawa. Kabla ya kugusa, toa kikasha kikiwa na bobini yake, shika uzi, kiache kining'inie juu ya kiganja. Kikishuka chenyewe moja kwa moja hadi mkononi, kimelegea. Ukikitingisha na hakishuki hata kidogo, kimekaza. Kinachotakiwa ni kibaki kimening'inia, kisha ukikitingisha mara moja kwa wepesi kishuke kidogo na kusimama.

Ubavuni utaona skurubu mbili. Ile iliyo karibu na katikati ya bati ndiyo ya mkazo. Ile ya mwishoni hushikilia bati lisidondoke, na ukiifungua jiandae kutambaa sakafuni ukitafuta kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Tumia bisibisi ndogo inayojaa mwanya wa skurubu, na fanya kazi juu ya kitambaa cheupe. Chora kwanza alama ya mahali skurubu ilipo. Zungusha kwa kipimo cha dakika tano za saa, si zaidi, kulia kukaza na kushoto kulegeza. Pima tena kwa kuning'iniza. Ukipotea, alama yako itakurudisha.

Ushauri wangu kwa anayeshona vitambaa vya namna nyingi: nunua kikasha cha pili. Kimoja kiwe cha kazi za kila siku na hakiguswi, cha pili ukilegeze kwa ajili ya satini na chifoni, ukitie alama ya rangi ya kucha usije ukavichanganya.

Satini yenyewe inahitaji maneno zaidi, maana mafundi wengi wa mji huu huletewa sare za kwaya, na nguo za kwaya zikijikunja mishono, kanisa zima linaona. Kujikunja kule si lazima kuwe kosa la kulingana. Nyuzi zinaweza kulingana vizuri kabisa na zote mbili zikawa zimekaza kupita uwezo wa kitambaa. Kwa hiyo legeza chini kwanza, kwa kile kikasha cha pili, ndipo ulegeze juu hadi zilingane. Weka sindano mpya nyembamba. Fupisha mshono uwe kama milimita 2. Kama cherehani yako ina skurubu ya kupunguza uzito wa mguu, ipunguze. Unaposhona, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikinyoosha bila kukivuta, meno yafanye kazi yake. Kikiendelea kujikunja, weka karatasi nyeupe nyembamba chini yake, ushone navyo pamoja, kisha uichane taratibu. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye nguo.

Jinzi haina maneno mengi: sindano nene, mshono mrefu wa milimita 3 hivi, na uzi wa juu ukazwe kidogo ili fundo lizame. Sweta za shule, ambazo Juni na Julai hapa hazivuliwi, ni habari nyingine. Mshono wa kawaida ulionyooka hukatika zikivutwa, hata mkazo ukiwa sahihi. Legeza juu na chini, tumia sindano ya ncha ya mviringo, na kama cherehani inaweza zigizagi, tumia hiyo.

Tangu Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako, kufunga mota kwenye cherehani ya zamani kumekuwa jambo rahisi kuliko enzi za jenereta. Ukifunga, pima mkazo upya kwa mwendo wa mota. Uzi unaovutwa kwa kasi huonyesha kasoro ambazo kukanyaga kwa mguu kulikuwa kunazificha: bobini iliyopinda huanza kuruka, na uzi wa koni uliozoea kudondoka taratibu huanza kujirukia na kunasa chini ya koni. Weka koni nyuma ya cherehani, uzi upande juu moja kwa moja kupitia kitanzi cha waya kabla ya kufika kwenye visahani.

Ikiwa umefanya yote haya na mkazo bado unabadilika katikati ya mstari, tafuta uchakavu. Fungua nati ya mbele, lakini piga picha kwa simu kila kipande kinapotoka, kwa sababu springi, kile kibati cha kuzuia, kipini na visahani vina mpangilio wake. Visahani hutazamana kwa migongo iliyobinuka. Pitisha ukucha kwenye uso wa kila kisahani. Ukihisi mfereji, uzi umeshakichimba, na hakitengenezeki. Fanya hivyohivyo kwenye bati la kikasha: uzi wa miaka mingi hukata mstari mwembamba ukingoni mwake, ukilitazama bati kwa kuliinamisha penye jua utauona. Vipuri hivi vyote huuzwa kimoja kimoja, hakuna haja ya kuibadilisha cherehani. Ukienda dukani nenda na kile cha zamani mfukoni pamoja na bobini yako, ukiingize na kukitoa hapohapo, ukining'inize kwa uzi wako mwenyewe kabla hujalipa, kwani vikasha vipya vingine hutoka kiwandani na ukingo mkali unaochana uzi tangu siku ya kwanza.